Kipepeo wa Shangazi Eudocia

Lima, Jumanne

Kwako Shangazi Eudocia,

Juane zako, ule wali wako wa kufungwa majanini, zimefika, na wenzangu hapa makumbusho wameugombania wali hadi wakalamba majani. Kikohozi changu kimepungua.

Shangazi, naona aibu kukuandikia yanayofuata. Yule kipepeo niliyemtangaza kuwa aina mpya na kumpa jina lako, si aina mpya. Mwenzangu Rosaura alifuga viwavi wa kipepeo jike mmoja, na jana wakatoka vipepeo: madume ya buluu, wanaojulikana tangu zamani, na majike ya kahawia, ndio hao wangu.

"Nelver we," akacheka, "kumbe ulimbatiza mke wa mtu!"

Nilicheka naye, kisha nikajifungia chooni nikalia. Kabla sijatangaza aliniambia tusubiri, nami nikaharakisha, nikitaka ulisome jina lako kabla macho yako hayajazimika. Sasa litabaki jina la zamani, lako litafutwa.

Najua watu wa huko kwenu Moyobamba wameshazoea kukuita Mama Kipepeo. Usiwaambie kitu. Jumapili nakuja, nisimame mwenyewe baada ya misa niwaambie aliyekosea ni mimi. Nitakaa karibu yako, hata kama hutaki kunisemesha.

Mwanao,
Nelver