Alhamisi za Kocha Mapunda

Jumatatu, 6 Januari 1992

Mazoezi saa kumi. Mvua. Jana tumeshinda tena, na tena sielewi tumeshindaje. Mwaka wa tatu huu tunaongoza ligi ya wilaya, na mimi, msaidizi wa kocha, siijui siri ya kocha wangu. Nilisomea kozi ya ukocha kule kwetu Tanga. Nina ubao, chaki, mishale ya rangi mbili. Kocha Mapunda ana baiskeli na filimbi. Anawapanga mstari, anasema, "Tazama mwenzako," basi. Nusu saa wanakwenda mbele na kurudi nyuma bila mpira. Eti huo ndio mfumo. Siamini.

Mke wangu Zaina kanikumbusha palizi. Shamba tulilokodi msimu huu Mshangano limemezwa na magugu. Mshahara wa ualimu hautoshi, najua, lakini mimi na jembe mbalimbali. Niliwaambia wachezaji siku ya kwanza tu: sikuja Songea kushika jembe. Walicheka sana.

Alhamisi, 9 Januari

Alhamisi ni siku yao, si yangu. "Mwalimu, wewe una vipindi vya mchana," Mapunda huniambia. "Alhamisi tuachie sisi." Ananifukuza kwa heshima.

Leo nimemwona kupitia dirisha la darasa la sita. Baiskeli, na nyuma kafunga kitu kirefu ndani ya gunia. Wachezaji wanamfuata kwa miguu, wawili wawili. Mpira hawana. Timu ya mpira inakwenda wapi bila mpira?

Ijumaa, 10 Januari

Udongo mwekundu kwenye kucha za wote. Nikodemu, kipa wetu, viganja vimechubuka. Nikamuuliza. Akatazama chini. "Mambo ya Alhamisi muulize Kocha, Mwalimu."

Simuulizi. Najua. Nani asiyejua kwamba kila klabu ina kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa mpira bali wa mganga? Wanakwenda kufukia vitu. Nimekasirika mpaka chaki imenivunjikia mkononi. Nimesoma miezi yote ile ili nije kushindiwa mechi na hirizi.

Jumapili, 12 Januari

Timu kutoka Lusewa. Wamekuja tisa. Wengine wako kwenye palizi, wakasema, na hawakuona hata haya. Msimu wa mvua timu zote zinakimbiwa na wachezaji. Yetu peke yake inatimia, mazoezini na kwenye mechi. Mapunda kawafunga kwa dawa gani?

Kipindi cha pili beki wetu wa kushoto aliteleza. Kabla sijafungua mdomo, wa pembeni yake kashaingia pengo lile, wa tatu kasogea, mstari umenyooka. Hakuna aliyepiga kelele. Walitazamana tu. Tatu bila.

Jumanne, 14 Januari

Mwenyekiti wa timu kaniita dukani kwake. Tangu biashara ziachiwe huru amenawiri: vibanda viwili vya mitumba, na sasa lori. Hampendi Mapunda kwa sababu mdogo wake anakaa benchi kila mechi. Hakuficha. "Mwalimu, timu ya kisasa inataka kocha aliyesoma. Niletee kitu kwenye karatasi, nafasi ni yako."

Naitaka nafasi hiyo. Naandika wazi, humu hakuna anayesoma.

Alhamisi, 16 Januari

Nimejisingizia homa shuleni, nikawafuata mpaka Mshangano. Nilijibanza kwenye migomba, mbali kidogo. Wakateremka bondeni, mahindi yakawaficha. Nikasikia nyimbo za Kingoni, sielewi neno. Nikasikia ardhi ikichimbwa. Nyimbo zikakoma. Mama mmoja mtu mzima akatokea na mtungi, wachezaji wakatoka mahindini, wakapiga foleni, kila mmoja akanywa kwenye kata ileile. Mapunda wa mwisho. Hapo hapo akatoa daftari mfukoni, akaandika kitu.

Kuchimba. Kunywa dawa. Kuandika kwenye daftari. Nilitaka kusogea nione kilichofukiwa. Mvua ikaanza, nikarudi mbio. Nina hakika sasa.

Ijumaa, 17 Januari

Barua nimeandika. Kurasa mbili. Nimeeleza bonde, dawa, daftari. Jina langu sikuweka. Nimeandika "Mpenzi wa Timu". Zaina kauliza naandika nini, nikamjibu vibaya. Kaondoka na jembe lake peke yake.

Jumatatu, 20 Januari

Kikao cha kamati. Mwenyekiti kaisoma barua kwa sauti. Mapunda kasimama, kofia mkononi. Nilidhani atakana, atalia, ataapa. Kauliza swali moja: "Aliyeandika alifika shambani, au aliishia njiani?"

Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Basi siwezi kumjibu mtu ambaye hayupo," akasema, akaketi. Wamemsimamisha. Timu nimepewa mimi. Nilipotoka nje kanipa mkono: "Hongera, Mwalimu. Vijana ni wazuri." Ananicheza shere huyu?

Jumanne, 21 Januari

Siku yangu ya kwanza. Nimechora mishale kumi na miwili. Wamekuja sita. Wengine? "Palizi, Mwalimu." Mwaka wa tatu hawajakosa, na leo, siku yangu, wana palizi! Wamenigomea. Au dawa imekwisha nguvu. Nimefuta ubao kwa mkono wa shati.

Jumatano, 22 Januari

Nikodemu kaja nyumbani na daftari. Lile lile. "Kocha kasema ukabidhiwe, timu ni yako."

Nimelifungua nikiwa na hofu, ndiyo, hofu. Mistari ya kalamu ya risasi. Kila Alhamisi na jina. Kila jina na shamba. Wanaanza zamu zao Novemba, wakati wa kupanda, wanamaliza kwa kuvuna. Shamba la huyu wiki hii, la yule wiki ijayo, timu nzima. Ndiyo maana hakuna anayekosa mazoezi: palizi ya mtu mmoja haimlemei peke yake.

"Na gunia?"

"Mipini ya akiba. Majembe yanalala kwa mama yangu."

"Na dawa?"

Kanishangaa. "Dawa gani? Mama hutuletea togwa."

Kanieleza hata mstari. Mnaanza kulima pamoja, kila mtu na tuta lake. Mwenzako akibaki nyuma hupigi kelele, unakata kidogo tuta lake mpaka mlingane. Kocha hakuwafundisha jambo jipya. Aliwatoa nalo shambani, akawapeleka uwanjani.

Jana palizi zilikuwa nyingi kwa sababu walidhani zamu zimekufa kocha aliposimamishwa, mpaka yeye mwenyewe alipowaambia zinaendelea.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Alijikuna shingo. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema hukuja Songea kushika jembe. Kocha akasema tusikutie aibu. Zamu yako ikifika tutakulimia tu."

Alipoondoka nikatafuta kesho daftarini. Alhamisi, 23. Mwandiko wa Mapunda: *Mwalimu Hamisi, Mshangano.*

Nimejiona mchafu.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeomba ruhusa shuleni, safari hii kwa kusema kweli. Nilipofika walikuwa wameshaanza. Wote. Mapunda alikuwa wa tatu kutoka kulia, suruali imekunjwa. Hakuna aliyemwita. Zamu ni zamu, kasema.

Nikamwomba Nikodemu jembe. Hakuna aliyecheka. Nikaingia tuta la karibu na Mapunda. Baada ya hatua kumi viganja vikawaka, baada ya ishirini nikabaki nyuma. Hakugeuka. Jembe lake likaja upande wangu, likakata magugu yangu kidogo, na kidogo tena, tukalingana.

Nikamwambia pale pale, kwa sauti ndogo: "Kocha, aliyeandika aliishia njiani. Kwenye migomba ile."

Akaendelea kulima. Nilidhani hakusikia.

"Nilikuona," akasema. "Shati jeupe kwenye migomba halifichiki. Inama zaidi, utaumia mgongo."

Zaina na mama Nikodemu wakaleta mtungi. Kata ikanifikia. Togwa ya ulezi, haina hata sukari.

Jioni sasa. Kalamu naishika kwa shida. Nimemwandikia mwenyekiti barua nyingine, nusu ukurasa. Asubuhi nitaipeleka mwenyewe dukani. Safari hii nimeweka jina.