Wiki Tuliyolima Kiwanja cha Mpira

Jumatatu, 6 Machi 1995
Msaragambo tena, kazi ya kijiji kizima. Panga na mundu. Nyasi za kiwanja zinanifika kifuani, ingawa mimi si mrefu wa kutolea mfano. Mnunuzi wa kahawa, mmoja wa hawa wa binafsi walioanza kuja juzijuzi, anataka kujenga ghala pale. Anasema kiwanja hakina wenyewe. Jumamosi mwenyekiti wa kijiji anakuja kukagua. Akikuta pori, tumekipoteza.

Mimi ni katibu wa kikundi cha msaragambo. Sifa yangu: nina kalamu.

Jumanne, 7 Machi
Nyasi zote chini. Nimewaambia wanaume wazipange vizuri, kesho akina mama wazibebe. Mimi asubuhi nakwenda Mbinga mjini, misumari ya magoli. Maelekezo mafupi, safi. Nimejipongeza.

Jumatano, 8 Machi
Aibu. Nimerudi, kiwanja hakipo. Kuna shamba la ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani.

Wanaume walizipanga nyasi miraba miraba, kama mikono yao ifanyavyo kila Machi. Akina mama wakakuta miraba, wakafanya kinachofuata: kuchimba katikati, kufukia nyasi kwa udongo. Mashimo nusu kiwanja. Mazuri, Mungu anisamehe. Mama Kapinga, kiongozi wao, alikuwa ameshatuma watu wakalete mbegu za maharage.

Mke wangu tu, mzaliwa wa Kihagara kule ziwani, ndiye aliyeuliza: "Jamani, mpira utachezwa mashimoni?"

Wakamcheka. "Wifi, wewe wa ziwani unajua visamaki vya usipa tu!"

Amenisimulia mara nne.

Alhamisi, 9 Machi
Kufukia mashimo. Wanaume wanawalaumu wanawake, wanawake wanawalaumu wanaume, wote wananilaumu mimi. Haki yao. Mvua mchana. Matope. Naogopa.

Ijumaa, 10 Machi
Udongo ulikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Mke wangu kaanzisha kioda, ngoma ya kwao ziwani. Akina mama wakapanga mstari nyuma yake, wakacheza goli hadi goli mpaka udongo ukashikana. Mama Kapinga kamwomba radhi mbele za watu. Magoli yamesimama. Moja limeinama. Hilo nililipigilia mimi.

Jumamosi, 11 Machi
Mwenyekiti kaja, mnunuzi nyuma yake, viatu vyeupe. Mnunuzi kaonyesha udongo mbichi: "Si unaona? Wanalima, hiki si kiwanja."

Mwenyekiti kanigeukia. "Katibu, ni kweli?"

Nikasema yote, hata maelekezo yangu safi. Mwenyekiti kacheka hadi kashikilia goli. Kisha kamwambia mnunuzi: "Watu wamelima kiwanja, wamekifukia, wamekikanyaga kwa ngoma, bila kulipwa. Halafu unaniambia hakina wenyewe? Ghala katafute pengine, ndugu yangu."

Vigelegele. Nililia. Si kidogo.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya misa watu hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia kiwanjani, wakasimama pembeni na nguo zao za kanisani. Hakuna aliyecheza. Walikitazama tu.

Nami nikasimama. Mgongo unauma. Kiwanja kimenyooka.