Utani Ukutani

Bwenini, Morogoro
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Najua barua hii itakukuta umesimama na sufuria liko jikoni, kwa hiyo epua kwanza, uketi, ndipo usome. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha na nakula vizuri, ingawa maharage ya hapa yanapikwa na mtu asiyeyapenda. Goti lako je? Na barabara? Huku kila jioni tunaona wingu limelalia milima upande wa nyumbani, nasema moyoni, Kinole wanalowa. Sijui kama pilipili manga imekauka au bado mnaianua na kuianika upya kila mvua ikikatika.

Utauliza kwa nini sikupiga simu leo kama wenzangu. Matroni huishika simu mwenyewe, anaweka sauti ya juu, na foleni nzima inasikiliza habari za kwenu. Haya ninayotaka kukuambia si ya foleni. Yanakuhusu wewe, na yanamhusu Bibi, Mungu amrehemu.

Unakumbuka nilipokuambia kwamba nimeingia Klabu ya Picha, ukacheka, ukasema picha si ni kubonyeza tu. Mwalimu Lema, anayetufundisha klabuni, angekujibu mpaka adhuhuri. Tuna kamera moja tu, ya shule, tunapokezana, na mimi naipenda kuliko somo lolote. Hata ninapongoja zamu yangu natazama vitu kana kwamba tayari imo mikononi mwangu. Basi muhula huu Mwalimu akaja na habari: mpiga picha mmoja wa Dar es Salaam, mwenye jina, ameandaa maonyesho hapa mjini, picha zote za milima yetu, na likizo hii atamchukua mwanafunzi mmoja wa klabu azunguke naye ajifunze kazi. Kila mmoja wetu angechagua picha moja ukutani na kuieleza mbele ya wageni, kisha yeye angeamua amchukue nani. Mama, niliitaka nafasi hiyo. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile. Nilifua sare, nikaipiga pasi, nikaona haijakaa sawa, nikaifua tena.

Tulikwenda jana. Umenilea nisidharau kazi ya mtu, na nilijitahidi mpaka mlangoni. Ila sijawahi kuona watu wazima wakidanganyana kwa heshima kubwa namna ile.

Ukiingia tu, ukutani kuna maandishi makubwa: "Kazi hii inahoji nafasi iliyopo kati ya kuwepo na kutokuwepo." Nimesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza na sijapata chini ya A, lakini maneno yale niliyasoma, nikayarudia, nikabaki mikono mitupu. Nikamwuliza Neema. Huyu ni rafiki yangu wa kitanda cha juu, yule ambaye baba yake yuko kiwanda cha sukari. Akaniambia, "Maana yake usiguse."

Kulikuwa na picha moja pana kama mlango, ya udongo uliopasuka, imeandikwa "Kumbukumbu". Mama, ni ukuta wa choo. Hata kile kitundu cha kupitisha hewa kinaonekana pale juu. Nyingine ni ya akina mama wanaoteremka na ndizi kwenda kuuza, ila amewapiga kuanzia magotini kushuka chini. Nyuso hamna, ndizi hamna, ni miguu tu yenye matope, na chini yake imeandikwa "Ustahimilivu". Nilijiuliza kama miguu yake yeye, siku aliyopanda kwetu na mvua, ilikuwa misafi. Na wageni sasa. Kila mmoja ameshika glasi ya juisi ya ukwaju, anasogea polepole, anainamisha shingo upande kama kuku aliyesikia mwewe, halafu anasema "mmh". Niliwachunguza. Kadiri mtu alivyosoma sana, ndivyo "mmh" yake ilivyokuwa ndefu.

Kwenye ukuta wa mwisho, peke yake na imewashiwa taa, ilikuwapo picha kubwa kuliko zote. Nilipoiona nilisahau nilipo, karibu niiamkie.

Alikuwa Bi Tausi. Ndiyo, Bi Tausi wetu. Amekaa chini katikati ya njia ya kutokea uani kwetu, miguu kaitandaza, mikono kichwani, mdomo wazi. Amevaa gauni la Bibi lile la maua, kanga kaifunga kwa fundo la ubavuni kama alivyofunga Bibi, na bakora ya Bibi iko mapajani. Ni siku ya mazishi, mama. Mpiga picha ni yule kijana aliyekuja kupiga wakulima wa mdalasini, akakuta msiba, akaingia na kamera yake bila hodi, ukamwambia mjomba amwache maana hukuwa na nguvu za kugombana na mtu. Na chini ya picha pameandikwa: "Majonzi. Binti akimlilia mama yake."

Watu walikuwa wamesimama mbele ya Bi Tausi wakijifuta macho.

Neema ndiye aliyetangulia kusema, na alichagua picha hiyohiyo. Hakujua. Alizungumza juu ya machozi ya mwanamke wa mlimani yanayotiririka kama mito ya Uluguru mpaka mjini tukayanywa bombani. Walimpigia makofi sana. Zamu yangu ilipofika nikaenda kusimama palepale. Mwalimu Lema akaninong'oneza, "Hadija, hiyo imeshachukuliwa, tafuta nyingine." Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mazuri juu ya mwanga na kivuli, mama, nilikuwa nimeyakariri. Hayakutoka. Yaliyotoka ni haya:

"Huyu halii. Na si binti wa marehemu. Huyu ni mtani wetu."

Nikawaeleza. Nikawaambia kwamba ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu wazee wa wazee, na mtani akija msibani hana kazi ya kulia, ana kazi ya kuwafanya wafiwa wakumbuke kwamba wao bado ni wazima. Nikawaambia kwamba binti wa marehemu alikuwa amekaa mlangoni, na tangu mama yake alipokata roho hakuwa ametamka neno wala kutia kitu mdomoni, hata maji. Jeneza lilipoinuliwa Bi Tausi akatokea chumbani na nguo za marehemu, akaziba njia, akasema kwa sauti ileile ya Bibi ya kukwaruza kwamba yeye haendi kokote, kwanza nani kawafungia kuku wake, na huyu mkwe mwenye viatu vyeupe katoka wapi, harusini? Akagoma kuondoka mpaka akapewa jogoo wake. Na binti akacheka. Akacheka mpaka akaegemea mlango, ndipo machozi yakaja, na jioni ile akala.

Yule bwana mpiga picha, aliyekuwa kando akitusikiliza, akaniuliza, akitabasamu na meno tu, "Lakini si ameshika kichwa?" Nikamjibu kwamba Bibi alishika kichwa hivyo kila jioni alipokosekana kuku mmoja. Hapo mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na dirisha akaangua kicheko, juisi ikammwagikia, akasema kwao Matombo mtani aliingia kaburini kabisa akadai soda. Yule bwana akasema sanaa haina jibu moja. Ni kauli nzuri, mama. Nikikosa hesabu kesho nitamwandikia mwalimu hivyohivyo.

Nilidhani nimekwisha. Kumbe baadaye akaniita kwenye kiofisi cha nyuma, Mwalimu akiwepo, akafungua kompyuta. Akaitafuta picha ile kama alivyoipiga, kabla hajaipunguza. Mama, ni picha nyingine kabisa. Njia yote inaonekana, jeneza linaonekana limesitasita, wanaume wanang'ata midomo wasicheke, na kushoto, mlangoni, uko wewe. Umefumba macho, kichwa umekirudisha nyuma, mkono kifuani, unacheka. Sikuwahi kukuona ukicheka hivyo, maana siku ile nilikuwa nyuma yako.

Nikamwuliza kwa nini aliikata. Akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza alivyomenya chungwa, "Pembeni palikuwa na makosa. Huyu mama alikuwa anaharibu hisia."

Makosa ya pembeni ni wewe, mama.

Nikamwomba anipe nakala nikuletee. Akasema hiyo ni kazi yake, hawezi kuigawa ovyo. Kicheko chako kimekuwa kazi yake. Kisha akavuta kiti karibu, macho yanang'aa, akaniambia mimi ndiye aliyekuwa akimtafuta siku zote. Hiyo habari ya utani hakuijua, na sasa anaitaka yote. Nafasi ni yangu. Atanifundisha kamera, lenzi, kila kitu. Ninachotakiwa ni kitu kidogo tu: msiba ukitokea kwetu, nimpigie mapema, awahi kabla watani hawajaanza.

Sitakuficha. Kwa muda mfupi nilifikiri. Nikajikuta nampitia moyoni Babu Mkude na pumu yake, na yule mama wa ng'ambo ya mto aliyevimba miguu, kama mtu anayegonga mafenesi aone lipi linakaribia kuiva. Nilipojifumania nikiwaza hivyo nilijionea haya. Nikamtazama yule bwana, nikamwuliza:

"Kaka, kwani kwenu hawafi?"

Akaniuliza nasema nini. Nikamwambia aanze na kwao. Awatangulize mama yake na shangazi zake, apige, akate pembeni, aandike jina chini, tuje tuone. Akakunja uso, akasema mama yake ni mzima, ashukuriwe Mungu, na mtu haambiwi maneno kama hayo. Nikasema, "Basi umeelewa." Mwalimu akanishika bega, akanitoa nje.

Nafasi amepata Neema. Simwonei wivu, au namwonea kidogo. Usiku alishuka kutoka kitanda cha juu, akakaa kwangu, akaniambia, "Shoga, wewe una akili ila huna njaa. Mimi nitapanda gari lenye kiyoyozi, nitarudi nikufundishe vyote bure." Hana ubaya. Nililia chooni, nikanawa, nikalala. Na leo asubuhi waliotumwa kurudisha viti ukumbini wamerudi wakicheka: bwana amebadilisha karatasi. Picha ni ileile, wewe bado umekatwa, ila sasa inaitwa "Kicheko". Basi wageni wa leo watainamisha shingo upande wa pili.

Mwalimu Lema aliniita ofisini baada ya ibada. Aliniuliza kama mgeni hujibiwa vile, nikasema hapana. Akaniuliza kama najuta. Nikasema sijuti, mwalimu. Alipanga karatasi zake, akazipangua. Kisha akafungua kabati akaweka kamera ya klabu mezani, akasema, "Kumcheka mtu ni rahisi. Likizo nenda nayo wewe, tuone." Hakutabasamu. Nimeambiwa nikuandikie kuomba ruhusa, na hapa ndipo barua yangu ilipokuwa ikielekea.

Sitaki kuja nayo kabla hujakubali. Si wewe tu. Nataka umwulize mjomba, kwa kuwa ua ni wa ukoo, na umwulize Bi Tausi mwenyewe kama atapenda, na kwa masharti gani. Sitangoji mtu afe. Nataka mkae tu mnavyokaa jioni, mkichambua mdalasini na kusutana. Nimejaribu kupima kwa hatua hapa uwanjani: ili mlango, njia na nyote wawili muingie bila mtu kukatwa, itanibidi nisimame mbali, pengine kwenye migomba ya jirani. Nitasimama huko. Na jina la chini mtalitaja wenyewe, hata likiwa refu. Ukisema hapana, mama, nitairudisha kabatini wala sitanuna. Lakini natumaini hutasema hapana.

Barua nampa dereva wa fuso la ndizi, yule wa kofia nyekundu, ukijibu mpe yuleyule.

Nisalimie mjomba Shabani, umwambie shikamoo na kwamba hesabu naziweza. Wasalimie wadogo zangu, wasiguse sanduku langu. Msalimie na Babu Mkude, umpelekee tangawizi kwa niaba yangu, usimwambie sababu.

Na Bi Tausi, mwambie mjini ameitwa Majonzi, watu wenye viatu vya kung'aa wamesimama mbele yake wakitoa leso. Ila usimwambie akiwa anakula.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayekuona mzima mzima,

Hadija