Posa ya Bwana Threlfall

Liverpool, 9 Februari 1791

Mpenzi mdogo wangu Dorcas,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Natumaini kifua chake kimetulia na kikohozi hakimnyimi usingizi. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya roho yangu utaisoma.

Umeniandikia kwamba Bwana Threlfall amekuposa, na mama anangoja neno langu. Unasema ni mcha Mungu aliyetajirika kwa jasho lake. Jasho lipi? Mfanyabiashara wa watumwa huyo hajawahi kusafiri baharini. Hata kuvuka mto wetu kunamtapisha. Hununua vitambaa vya Manchester, baruti na mabeseni ya shaba, akavituma Bonny, pwani ya Afrika Magharibi, vikabadilishwe na watu. Watu huuzwa Jamaika, naye hapa hupokea sukari na kuusifu utamu wake. Kanisani hukaa kiti cha mbele na kuimba kumshinda padri. Meli yake ameiita Rehema. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka: "Wewe nawe, daktari! Ulitaka niiite Jeneza? Nani angenunua hisa?"

Wabunge walipotunga sheria ya kupunguza vifo melini, alilalamika, mdomo umejaa nyama ya kondoo, kwamba London wanataka kumfilisi kwa huruma. Kisha akasikia kwamba nahodha na daktari hupewa zawadi iwapo hawafi zaidi ya watumwa wawili katika kila mia. Hapo akaipenda sheria, maana nusu ya zawadi zao angeichukua yeye.

Mficha maradhi kifo humuumbua, Dorcas. Niliwadanganya kwamba nakwenda kutibu wanajeshi Jamaika. Daktari wa Rehema nilikuwa mimi. Tulipakia watu mia mbili na tisini, wakafa njiani thelathini na mmoja, tukawatupa baharini. Katika kitabu cha meli niliandika waliokufa ni watano. Wengine ishirini na sita nikawafuta kana kwamba hawakupanda kabisa. Mmoja wao alikuwa msichana wa umri wako. Alifia mikononi mwangu, na jina lake sikuliuliza. Kisha nikabusu Biblia mbele ya afisa wa forodha, nikaapa kwamba hesabu hiyo ni ya kweli. Kwa fedha ya zawadi niliyopata niliwaezekea nyumba.

Sasa Bunge linawaita madaktari wa meli watoe ushahidi. Threlfall anajua kwamba shemeji hamshtaki shemeji. Ndiyo maana amekuposa, mdogo wangu. Hakukutazama hata usoni.

Kesho naondoka kwenda London kusema yote, na kwa kiapo kile cha uongo huenda nikafungwa. Mkatae leo, kabla hajajua nimeondoka.

Nisalimie mama, umwombe anisamehe. Mungu awalinde.

Kaka yako,
Ambrose Tyldesley