Tutakwenda Mombasa, Dada

Lodwar,
mwezi wa saba

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na majirani wa hapo Machakos wanaendeleaje? Na goti lako limepona, au bado unalisugua mafuta ya taa ukidhani ni dawa? Mimi mdogo wako niko mzima. Joto la huku halijanimaliza, ingawa limejaribu. Majuzi upepo ulibeba mabati ya darasa la tatu, tukafundishia nje, mchanga ukiingia mpaka kwenye meno. Maji bado tunayachimba mtoni. Lakini leo sikukaa chini kulalamika. Leo nina furaha mpaka mwandiko unayumba, kwa hivyo soma polepole.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, nikaruka salamu zote, nikawa natafuta jibu tu. Nikalipata chini kabisa, umelibana pembeni kama mtu asiye na hakika: "Sawa, Zuhura. Tutakwenda. Lakini siku tatu tu." Dada, nilipiga kelele! Mwalimu Ekai, yule Mturkana anayefundisha hesabu, alidhani nimefiwa. Nilipomwambia ni dada yangu amekubali twende Mombasa, akacheka. "Kumbe kwenu Machakos watu wakifurahi wanalia kama fisi?"

Hajui yeye. Hajui kwamba tangu Mama aanze kuugua wewe hujalala nje ya nyumba ile, na tangu tumzike hujatoka kwenye jiko la hoteli yako ila kwenda sokoni na kurudi. Mimi nilipata kazi nikaondoka. Wewe ulibaki. Hata hina uliyokuwa ukiwapamba nayo maharusi wa mji mzima ukaifungia koponi, ukasema mikono imeshazoea mwiko.

Sasa sikia yaliyotaka kutuharibia. Siku mbili baada ya barua yako, mwalimu mkuu aliniita.

"Mwalimu Zuhura, likizo hii utabaki. Chakula cha msaada kinaletwa Agosti, na wewe ndiye uko na funguo za stoo."

"Nimeshapanga safari na dada yangu," nikasema.

"Safari ya nini? Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Kuna matanga?"

"Hapana. Tunakwenda kutembea tu."

Alinitazama kama nimesema tunakwenda mwezini. Akasema kutembea kunaweza kungoja. Unanijua, mimi si mtu wa kujibizana na wakubwa. Lakini siku hiyo mdomo ulikataa kufungwa. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi na dada yangu hatujawahi kusafiri pamoja ila kupeleka mgonjwa au kuzika. Safari hii hakuna mgonjwa na hakuna maiti. Ndiyo maana nataka kwenda." Akafungua faili, akaifunga. Nilitoka nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia kama mtoto.

Kesho yake asubuhi Ekai akanyoosha mkono. "Lete hizo funguo. Mimi kwetu ni hapo ng'ambo ya mto, siendi popote. Nimeshaongea na mkubwa, amekubali." Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni mume wa mtu. Amesema malipo yake ni halua, na isiwe ile iliyokauka.

Basi, mpango wenyewe. Shule zikifungwa nateremka Kitale, halafu Nairobi. Wewe usijisumbue kuja Nairobi. Nisubiri pale makutano ya Kyumbi, basi la asubuhi la Mombasa litasimama, na kiti kando yangu ni chako. Tusafiri mchana, tukijaliwa tutaona ndovu wa Tsavo wakiwa wamejaa vumbi jekundu.

Kulala kusikutie wasiwasi. Unamkumbuka Halima niliyekuwa naye kwenye semina ya walimu Mombasa mwezi wa nne? Shangazi yake, Bi Khadija, ana chumba cha juu Mji wa Kale, vitanda viwili na chandarua, bafu tunachangia na wenye nyumba. Si pa watalii, na ndiyo maana mwalimu na mama wa mahamri wanapaweza. Kutoka hapo kila kitu ni kwa miguu.

Na chakula, dada! Siku hizo tatu ukishika mwiko nitakunyang'anya. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, na ni wewe utakayeletewa sahani, ukitaka uyakosoe mahamri yao upendavyo. Jioni viazi karai kando ya barabara, na ukwaju ule unaokufumbisha jicho moja, kisha mishkaki, kisha kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Biriani tutaila Ijumaa. Nimeshajua ni wapi, nilipajaribu mara mbili wakati wa semina.

Kuna nyumba ya zamani ambako wachoraji wanatundika picha zao, na mlinzi hajali ukikaa humo hata nusu siku. Niliona picha moja ya vilima, nikaapa ni vya Iveti, vya kwetu Machakos. Mchoraji akaniambia ni vya Taita. Nikamwambia akaangalie tena! Nataka wewe utuamue. Tutapita pia Changamwe kwa wachongaji wetu Wakamba. Nilipowasalimu kwa Kikamba, "Wĩ mũseo?" mzee mmoja aliacha twiga wake hana shingo, akataka habari ya mvua ya kwao Mwala.

Usiku wa mwisho ndio wenyewe. Mjukuu wa Bi Khadija anaolewa, na tumealikwa kwenye ngoma ya wanawake: taarab, marashi, leso mpya, na hakuna mwanamume wa kutuchungulia. Utacheza, dada. Wewe ndiye uliyenifunza kucheza, kule uani, sufuria ndiyo ngoma.

Bi Khadija mwenyewe ni mpambaji. Nilimweleza ule mtindo Bibi aliokuja nao kutoka Pwani akakufunza, mizabibu inayopanda mpaka juu ya kifundo cha mguu. Akasema aliuona mara ya mwisho akiwa msichana. Kwa hivyo fungua lile kopo, uone kama hina bado ina harufu. Kama imekufa, tutanunua nyingine huko huko.

Kuhusu hoteli, nilimwandikia Mama Ndunge, jirani yetu, hata kabla hujakubali. Amejibu kwamba siku hizo atachemsha chai na kukaanga mahamri yeye, na atakayelalamika atanywa maji.

Nisalimie huyo Mama Ndunge, na mjomba Hamisi fundi cherehani, mwambie suruali ya Ekai ilimtosha. Msalimie shangazi Mwanamisi wa Mwala pamoja na mbuzi wake wote, na mwadhini wetu, umwambie hata huku jangwani naisikia sauti yake alfajiri. Kwenye kaburi la Mama nipitie, umsomee Fatiha kwa niaba yangu, umwambie tunakwenda kutembea.

Mimi mdogo wako anayekupenda, na begi lake liko tayari mlangoni,
Zuhura

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu nilipita kwenye kibanda cha simu mjini, nikampigia Bi Khadija kumhakikishia kwamba tunakuja. Nikamwonya kwamba huenda ukakataa kushika hina, asije akakulazimisha. Akasema, "Macho yangu siku hizi hayamalizi miguu miwili, mwanangu. Mimi nitampamba bibi harusi mguu wa kulia. Wa kushoto nimemwachia dada yako."