Mkwe wa Chatu wa Issuna

Jumba la Makumbusho,
Singida Mjini.
21 Agosti, 1974.

Mpendwa mdogo wangu Magdalena,

Najua shikamoo yako umeshaitoa kabla hujamaliza kusoma jina lako hapo juu, kwa hiyo naitikia mapema: marahaba, tena marahaba. Hujambo wewe? Shemeji Antipasi hajambo na kazi yake ya mkonge? Na watoto je, bado wanasema Kinyaturu, au huko Korogwe wameshageuka Wazigua?

Sisi huku hatujambo, ila macho tu. Upepo wa Agosti unaujua. Mwaka huu unaleta vumbi hadi ndani ya kopo la chumvi. Mama hajambo, goti ndilo linalomsumbua. Amekwisha hamia kijiji kipya pamoja na watu wote wa Issuna, na nyumba yake ni ya pili kutoka kisimani. Analalamika kwamba tangu azaliwe hajapata, akiwa kitandani kwake, kumsikia jirani akikohoa, na sasa anawajua wote kwa vikohozi vyao.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Magdalena, nina wivu. Nakuambia wewe kwa sababu huku sina wa kumwambia nisichekwe. Si wivu wa mke, maana Klara wangu kwa kazi alizonazo hana wakati wa kunitia wivu. Ni wivu juu ya nyoka. Wivu huo umenikosesha cheo changu, na ilibaki kidogo umuue nyoka mwenyewe.

Unajua kazi yangu, ingawa shemeji hupenda kuniita mchunga mijusi. Pale makumbusho mimi ndimi niliyekuwa msimamizi wa viumbe wote wenye magamba na wale wa kurukaruka majini. Si kazi ya kukaa kwenye kiti. Kila asubuhi nilipita banda kwa banda, kutazama kama maji ya vyura yamebadilishwa, kama kobe wamepata mchicha na si majani ya chai yaliyobaki ofisini, kama kenge kaletewa mayai yake yote au mengine yameishia kwenye kikaango cha mlinzi. Vinyonga wawili nilikataza wasiwekwe mahali wanapoonana, kwa sababu wakionana hugeuka rangi kwa chuki mpaka wanasusa panzi. Na mtu aliyeshika ugoro hagusi chura, maana chura hunywa kwa ngozi, na ukali wa tumbaku utamwingia mwilini. Hayo yote wageni hawayaoni. Wao wakifika wanauliza chatu yuko wapi.

Chini yangu alikuwa Lazaro, Mnyiramba wa Misigiri, mtu wa umri wangu, mwenye masharubu na sauti nzito ya kuongoza nyimbo kanisani. Kazi yake ilikuwa kufagia mabanda na kubeba ndoo. Sikuwa na ubaya naye hata kidogo, mpaka alipokuja chatu.

Chatu mwenyewe unamfahamu. Ni yule wa majabali ya kwetu, ambaye bibi alikuwa akitukataza kumnyooshea kidole, na mvua ikichelewa wanawake wa ukoo walimpelekea maziwa. Walipopima mashamba ya kijiji kipya, majabali yale yakaangukia ndani ya shamba la ujamaa, na vijana wenye mapanga si watu wa kumpisha nyoka njia. Shangazi Esta na wazee wakakaa, wakaamua aletwe makumbusho atunzwe. Ila chatu yule kwetu ni binti wa ukoo, na binti hatolewi kama gunia. Walimpaka samli, wakamfunika kaniki mpya, wakamtia ndani ya lindo, lile pipa la gome la kuwekea uwele, wakapanda naye lori huku wakiimba nyimbo za kumsindikiza bibi harusi.

Walipofika getini Shangazi akauliza, "Ni nani atakayempokea?" Mimi nilikuwa nashindana na kufuli la banda. Lazaro akanyoosha mikono, akapokea lindo. Basi, ikawa imekwisha. Kuanzia hapo wakamwita mkwe. Mkwe! Mtu wa ufagio! Mimi mzaliwa wa Issuna, msimamizi, mwenye funguo, walinipa mkono tu wakanipita.

Nilijiambia asante ya punda ni mateke. Nani alisaidia kuandaa banda? Nani aliyemwomba seremala atengeneze sanduku la chatu kujifichia? Lakini kila mtu wa kwetu aliyekuja mjini sokoni alipitia kumsalimu mkwe. Huyu alimletea kuku, yule asali ya nyuki wadogo. Wakinikuta mimi wananiuliza mkwe yuko wapi, kisha wananiagiza niwaletee maji ya kunywa, kama vile niko jikoni kwa mama. Hata Bwana Melkiori, mkuu wa jumba, akaanza kumwita Lazaro "mkwe" mbele ya wageni. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Nilipoteza hamu ya mambo yote, Klara akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo.

Tabu ni kwamba bibi harusi alikuwa hali chakula. Chatu akihamishwa huweza kukaa muda mrefu bila kumeza kitu, na baridi ya Juni humzidishia, hilo nalijua. Lakini huyu alikuwa anasinyaa. Uti wa mgongo ulianza kujionyesha, na alipojivua ngozi ilimtoka vipande vipande, wakati ya nyoka mwenye afya hutoka nzima kama soksi. Lazaro alimpelekea sungura, sungura akatoka mzima. Akampelekea kuku, kuku akatulia pembeni yake mpaka akataga yai humo humo.

Nami, Magdalena, nikisimama nje ya wavu na kumwona yule sungura akitolewa na masikio yake yote mawili, nilikuwa nafurahi. Nilisema moyoni, mkwe gani huyu anayeshindwa kumlisha mkewe? Nilipaswa kuamuru chatu aondolewe mbele ya macho ya watu, awekwe chumba chenye giza na joto, mawe yapashwe moto yafungwe kwenye magunia awekewe karibu. Hayo ndiyo niliyofundishwa. Sikuamuru. Nilitaka Lazaro ashindwe kwanza, na watu waone ameshindwa.

Basi Saba Saba ikafika. Wanawake wa ukoo wakaja wakiimba kumwangalia binti yao, Shangazi Esta mbele, amebeba kaniki nyingine mikononi kwa ajili ya mkwe. Lazaro ni mtu wa adabu. Aliposikia sauti zao akakimbilia nyuma ya bwawa la vyura akachuchumaa huko, maana mkwe hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe. Shangazi akaita, "Mkwe wetu yuko wapi?" Nikaona hapo ndipo pangu. Nikajitokeza na kofia yangu ya kazi, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mkwe ni mimi. Msimamizi wa hapa ndimi." Nikaichukua ile kaniki, nikajitupia begani.

Nyimbo zikakatika. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga, mmoja akaanza kulia. Shangazi akanivua kaniki begani kama anayemvua mtoto shati lenye siafu, akaniambia polepole, "Philipo, unamwoa dada yako?"

Mdogo wangu, nilikuwa nimefikiri kiofisi. Nilidhani mkubwa wa banda ndiye mwenye haki ya heshima zote za banda. Wala haikunijia kwamba binti wa ukoo hawezi kuolewa na mtoto wa ukoo, hata awe na funguo za serikali nzima. Nilifanya mwiko mbele ya mama zangu, mchana kweupe, wageni wa Saba Saba wakitafuna karanga na kunitazama. Kondoo wa kunitakasa ametoka zizini kwangu mwenyewe, na Klara hajaacha kumtaja.

Shangazi alinivuta kando, penye vinyonga. Nilitegemea matusi. Akaniambia, "Wewe hatukukupa kitu kwa sababu kaka hapewi kama mgeni. Kule nyumbani tulibishana sana kama tumtoe binti au tumwache. Ni mimi niliyesema aende, kwa kuwa huko yupo kaka yake. Mume tungempata yeyote yule. Haya, nijibu. Mume kazi yake kuleta chakula, na ameleta. Kaka kazi yake kuuliza kama dada anakula. Wewe umeuliza lini?"

Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nimeshughulika kumtazama mume? Miezi yote ile nilikuwa naililia nafasi ya Lazaro, kumbe nafasi kubwa zaidi nilikuwa nimeikalia mimi, na sikuifanyia kazi.

Kwetu binti akiharibikiwa huko alikokwenda, anayemfuata ni kaka, hamngojei mume aamue. Nikaenda kwa Bwana Melkiori, nikamwambia namrudisha dada nyumbani. Akacheka. Alipoona sicheki akaacha. Alisema chatu ndiye anayejaza jumba watu, na msimamizi anayewafungulia wanyama mlango si msimamizi. Wazee wa Issuna wakaja wakasimama upande wangu, wakasema walimtoa atunzwe, hawakumtoa afe. Mwisho Bwana Melkiori akasema, "Mchukue, lakini funguo uziache mezani." Nikaziacha.

Wazee wamemtafutia majabali mengine, upande wa kwenda Mkiwa, ambako hakuna shamba la mtu. Nilipanda naye lori, lindo mapajani. Lazaro alitoka akasimama getini na ndoo yake, masharubu yanamtetemeka, na ndipo nilipoona kwamba alikuwa anampenda kweli. Nilimhurumia, lakini kidogo. Nisikufiche, nilichokisikia zaidi ni raha kwamba yeye kabaki getini na mimi niko juu ya lori.

Wiki iliyopita mchunga ng'ombe mmoja ameniletea habari. Kamwona amejinyoosha juani juu ya jiwe, tumbo limetuna katikati. Amemeza pimbi. Magdalena, nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheo.

Cheo chenyewe kapewa Lazaro. Ndiyo, yeye. Sasa yeye ndiye anayepita asubuhi banda kwa banda, na mimi nimeachiwa vyura, nateka maji na kumwaga. Tena anasimamia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kupita yote. Jana alinijia kwa adabu akaniambia maji ya bwawa yana baridi mno kwa vyura. Nikatia mkono, nikakuta kweli yana baridi mno. Nilitamani kummwagia ndoo nzima.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi Esta, na Klara na binti yetu Anastazia ambaye ameng'oka meno ya mbele. Mzee Alute, jirani yetu wa kule juu, bado yupo, anauliza lini utakuja. Hata Lazaro, aliponiona naandika, ameleta salamu zake. Nimeziweka za mwisho makusudi. Nisalimie watoto wote, na shemeji pia.

Kuhusu huyo shemeji nina neno. Kuluthumu, mke wa Haji mwenye duka hapa mjini, alikuona sokoni Korogwe mwezi wa sita alipokuwa anatoka kwao Tanga. Aliniambia umekonda hata hakukutambua mara moja, na alipokuuliza ulicheka, ukaanza kuzungumzia bei ya ndizi. Nilimsikia. Siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa Lazaro, nikaitikia tu nikaenda zangu. Na kabla ya Lazaro kilijaa Antipasi. Tangu alipokuchukua nimemwonea wivu, na barua ngapi nimekuandikia nikipeleleza kama amenunua baiskeli, kama amepandishwa kazi, kama amenipita. Habari zake zote ninazo. Zako sina.

Kwa hiyo simwulizi yeye. Nakuuliza wewe, mdogo wangu: unakula?

Usinieleze sababu kwa barua, wala usimtetee mtu. Andika neno moja tu, kwa mkono wako. Ukiandika hapana, nakuja. Na ukiandika ndiyo, nakuja vilevile, nikae kando ya sahani nikuone.

Mungu akutunze mpaka nifike.

Kaka yako, mwenye wivu wote huo na mapenzi yanayouzidi,

Philipo Mughwai