Mkeka Katikati ya Saluni

Malvern, Johannesburg
Oktoba 2018

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na furaha nyingi. Goti linaendeleaje? Na wote wa nyumbani Uvira wana amani? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imekwisha na kazi ya kusuka inakwenda, ingawa vidole vinaniuma, na mdomo wangu, unavyoujua, bado haujapata kupumzika.

Barua hii anakuletea Placide, fundi cherehani wa kanisani kwetu. Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza kabla sijafika mwisho. Habari ni ya mjukuu wako Héritière. Ni habari njema, mama, lakini ina mahali inaponiaibisha, kwa hiyo isome yote kabla hujakasirika.

Kuna muuguzi wa kliniki hapa, Sista Khethiwe, anayeshughulikia watoto wadogo: wanaochelewa kusema, wanaopiga wenzao, wanaolia bila kubembelezeka. Mwaka jana alitangaza kwamba kila Jumanne akina mama wapeleke watoto kliniki kwenye kikundi. Hakwenda mtu. Nani afunge kazi asubuhi nzima, tena aonekane kwenye benchi ambalo kila mtu anajua ni la nini? Alipopita saluni kwangu kuulizia, nilimjibu kwa ukali kidogo. Nilimwambia akina mama anaowatafuta wanakaa kwangu saa sita nzima, watoto miguuni. Kama anawataka, awafuate hapa.

Nilidhani nimemfukuza. Jumanne iliyofuata akaingia na mkeka, vibao vya rangi na chupa ya mapovu ya sabuni, akautandika katikati ya saluni.

Ungecheka, mama. Mwanamke aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Sista anamuuliza kama mtoto huitika akiitwa, kama hunyoosha kidole kuonyesha anachotaka, na mimi nimeshika nywele huku nikitafsiri. Clémence, jirani yetu Mrundi, alisingizia kwamba ameacha chungu motoni, akasimama na upande wote wa kushoto haujaguswa. Tulicheka mpaka naye akacheka, akaketi tena na kujibu. Baada ya wiki chache wanawake walikuwa wanaomba kusukwa Jumanne makusudi. Mtoto mmoja aligunduliwa hasikii vizuri, na leo ana kifaa sikioni.

Ila maswali yale nilikuwa nayatafsiri kwa kinywa na kuyajibu moyoni. Héritière haitiki. Haonyeshi kidole. Mashine ya kukaushia nywele ikiwaka, anajificha chini ya meza na kujiuma mkono. Alikuwa na zaidi ya miaka mitatu na hakuwa amesema neno hata moja. Jumanne moja, katikati ya kutafsiri, nilianza kulia juu ya kichwa cha mteja. Khethiwe alilala kifudifudi sakafuni, kwenye nywele na vumbi, akapuliza mapovu taratibu kuelekea chini ya meza. Kisha akaniambia, "Mtoto wako hana laana, na wewe hukukosea kumlea. Anahitaji tumfuate alipo."

Tumemfuata, mama. Masikio yalipimwa, ni mazima. Kila Jumanne nazima mashine saa nzima, wateja wengine wananuna, naketi mkekani na kucheza anachocheza yeye. Mwezi wa sita alitoka chini ya meza mwenyewe. Mwezi wa nane alinivuta mkono hadi kwenye ile chupa akasema, "Tena." Nilimpulizia mpaka sabuni ikaisha, na wanawake wote wakaimba kwa sauti ya chini wasije wakamtisha. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nifike nchi hii.

Sasa ile aibu. Ikiwa neno lake la kwanza ni la mwezi wa nane, ni nani aliyekuwa akikuimbia kwenye simu miaka miwili hii? Ni Emérite, binti wa Clémence. Kila Jumapili nilimpa simu na biskuti. Yule unayemsifu kanisani kwamba anasali Baba Yetu bila kukosea si mjukuu wako. Mwanzoni nilitaka tu usipate wasiwasi. Baadaye niliogopa. Niliogopa watakayosema watu, na zaidi niliogopa utampenda kidogo. Nimemnyang'anya nafasi yake kwako, na hilo ndilo linaloniuma. Nisamehe.

Jumapili baada ya barua kukufikia nitapiga simu saa kumi. Huyu wa kweli hajui Baba Yetu. Ana maneno manne, na moja ni Koko, yaani wewe bibi yake, kwa sababu kila siku namwonyesha picha yako na kukutaja. Mwite jina lake mara moja tu, halafu nyamaza. Atakawia. Utasikia pumzi tu, utadhani mtandao umekwenda. Usikate, mama. Ni yeye.

Wasalimie dada zangu na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Binti yako anayekupenda,
Denise